Nichukue mkopo wa mshahara ninunue viwanja vitatu Usagara, nivikalie tu bei ipande?

Ticha_Kishiri

Mwangaluka wakuu. Naombeni ushauri, najua humu kuna watu wa kuchamba ila leo nioneeni huruma maana nina siku nne tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimepanga huku Kishiri, Mwanza, nina mke na watoto wawili. Nimeuza bodaboda zangu mbili nikajumlisha na hela ya kikoba cha waifu, nina milioni 9 kamili mkononi. Benki nao wamenipigia hesabu wakasema napata milioni 15 ya mkopo wa mshahara, miaka mitano, makato 349,000 kila mwezi, na nabaki na ile theluthi ya mshahara ambayo sheria inataka mtumishi abaki nayo. Yaani nabaki nayo hiyo hiyo, haizidi hata ya vocha.

Sasa kuna dalali Jumamosi alinipeleka Usagara. Ukiacha lami unaingia ndani kama dakika kumi na boda, kuna viwanja vitatu vimeshikana, mita 20 kwa 20 kila kimoja, anataka milioni 7.5 kila kimoja, jumla 22.5. Hiyo 1.5 inayobaki ni ya makaratasi na yeye mwenyewe. Maneno yake ni kwamba daraja la Kigongo Busisi limeshafunguliwa, stesheni ya reli mpya ya SGR inakuja pale Fela, na Usagara ndo njia panda, huku Shinyanga huku Sengerema na Geita, kwa hiyo ndani ya miaka mitano hakuna kiwanja hapo kitakuwa chini ya 15. Kwamba 22.5 inageuka 45 mimi niko darasani nafundisha zangu Jiografia.

Sitaki kujenga hapo. Nataka nivikalie tu, bei ikifika niuze vyote nijenge kwangu huku mjini. Waifu hataki kabisa kusikia, ananiambia hela ya kikoba sio ya kwenda kulala porini. Dalali kanipa mpaka Ijumaa maana kuna mtu wa madini wa Geita anavitaka vyote vitatu.

Mnasemaje?

Kamongo_Tope

Huyo mtu wa madini wa Geita mbona anataka kila kiwanja cha Mwanza hii. Mwaka 2019 alikuwa anakuja kuchukua cha kwangu Buhongwa "wiki hii hii". Mpaka leo namsubiri, labda alisubiri daraja liishe.

Dalali_Msafi

Ticha usisikilize watu waliokata tamaa. Mimi hii kazi nina mwaka wa 14. Watu waliochukua viwanja Buswelu kabla manispaa ya Ilemela haijaweka makao pale walichekwa hivi hivi, waliambiwa wananunua fisi na vichaka, leo wanakula kodi za nyumba. Nyegezi hivyo hivyo, Buhongwa hivyo hivyo. Ardhi haiozi, na Mungu haongezi nyingine. Hela ukiiweka benki inaliwa na makato, ukiiweka kwenye boda inapata ajali, kiwanja hakipati ajali. Nachokwambia ni kimoja tu, kama una nafasi chukua, kesho utakuja kununua hicho hicho kwa 12 ukimlaumu mtu.

Na sio mimi niliyekupeleka, kwa hiyo sina changu hapo, nasema ukweli tu.

Mama_Furu

Ticha shikamoo yangu nakurudishia mwenyewe maana ningekuwa mama yako. Mimi niko Busisi, upande wa Sengerema. Ngoja nikwambie habari ya daraja maana mimi nimelala nalo na kuamka nalo.

Enzi za kivuko nilikuwa nauza chai na sato wa kukaanga pale foleni ilipokuwa inasimama. Gari zinafika saa mbili asubuhi, zinasubiri, wakati mwingine lisaa, siku feri ikiwa mbovu ni nusu siku. Mtu akisubiri lazima ale. Basi moja likisimama nilikuwa naweza kuuza samaki ishirini kabla halijasogea. Walipoanza kujenga daraja kila mtu akawa anasema mama hapa patakuwa mji, nunua nunua nunua. Mwaka 2021 nikanunua kiwanja kwa milioni 6, hela yangu na ya kijana wangu aliyeko Dar, tukajenga fremu nne, zikala kama milioni 11 nyingine na bado madirisha mawili hayana nondo. Nilikuwa napiga hesabu yangu kichwani, kivuko tu kinaniletea watu wote hawa, daraja je?

Limefunguliwa Juni 2025, tarehe 19, Rais alikuja, tulicheza ngoma na mimi nikacheza. Kuanzia hapo mwanangu, gari zinapita. Zinapita tu! Kilomita tatu za daraja ni dakika chache, mtu anatoka Mwanza anakwenda Geita hata dirisha hashushi. Wale waliokuwa wananunua samaki hawakuwa wanaipenda Busisi, walikuwa wamekwama Busisi. Mimi sikuliona hilo. Fremu moja ina kijana wa miamala ya simu, ananipa elfu 30 akiipata, tatu nimefungia mbuzi.

Sisemi daraja baya, mgonjwa wangu mwaka huu amefika hospitali ya Bugando usiku, zamani tungelala ng'ambo. Nasema tu lilileta faida kwa anayepita, sio kwa niliyenunua pembeni.

Kamongo_Tope

Mama hiyo ya "walikuwa wamekwama Busisi" nimeisoma mara tatu. Pole sana.

Hesabu_za_Mtaa

Ticha niko naandika nikiwa kazini kwa hiyo nisamehe, ila wewe hujapiga hesabu, umepigiwa. Twende taratibu.

349,000 mara miezi 60 ni 20,940,000. Ongeza milioni 9 yako, inakuja 29,940,000. Hiyo ndo bei unayonunulia hivyo viwanja, sahau 22.5, hiyo ni bei ya muuzaji, ya kwako ni karibu 30.

Sasa tuseme ndoto ya dalali imetimia kama alivyosema, umeuza 45. Dalali wa kuuza huku mazoea ni kumi kwa mia, imeondoka 4.5. TRA wanataka kodi ya ongezeko la mtaji, kumi kwa mia ya faida, faida kwenye makaratasi ni 22.5 kwa hiyo ni 2.25. Umebaki na 38.25. Toa ile 29.94 uliyotoboka, mkononi una 8,310,000. Igawe kwa miezi 60, ni 138,500 kwa mwezi. Hapo kila kitu kimeenda sawa, hujalipa wa kufyeka, hujaenda mahakamani na mtu, mnunuzi amekuja siku ile ile unayomtaka na ana hela taslimu.

Tuseme sasa vimepanda ila sio kivile, vimefika 10 kila kimoja. Si vimepanda? Vimepanda, ukiongea kijiweni utasema nilinunua 7.5 sahivi 10. Umeuza 30, dalali 3, kodi laki saba na nusu, umebaki na 26.25. Umepoteza milioni 3.69 kwenye kiwanja kilichopanda bei.

Nimetafuta pale ambapo hupati hupotezi: ni 11.5 kwa kila kiwanja. Maana yake vinatakiwa kupanda asilimia 9 kila mwaka miaka mitano bila kupumzika ndo urudishe tu hela yako, wakati Benki Kuu wenyewe wanalenga mfumuko wa bei usizidi 5. Na hiyo ni kwa sababu ya mkopo. Ungekuwa unanunua kimoja kwa hela yako ya mfukoni ningeandika vingine.

Halafu swali dogo. Zile boda mbili zilikuwa zinakuletea shilingi ngapi kwa siku?

Ticha_Kishiri

Dah. Elfu saba kila moja, siku sita za wiki. Ila kuna sevisi na matairi na siku nyingine dereva anakuja na hadithi.

Hesabu_za_Mtaa

14,000 mara siku 26 ni 364,000 kwa mwezi. Toa matairi, toa hadithi, bado. Sina la kuongeza, nina kikao.

Msomaji_wa_Malimbe

Hii ndo iliwakuta Wamarekani. Kule nako walikuwa wanasema nyumba haishuki bei, watu wanachukua mikopo wananunua nyumba ya pili ya tatu sio ya kukaa ni ya kuuza, benki zinatoa tu hata kwa mtu asiye na kipato. Bei zikafika kileleni 2006, zikaanza kushuka, Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikaanguka na dunia nzima ikayumba. Watu wakawa wanadaiwa kuliko nyumba yenyewe inavyouzika. Japani nako ardhi ilipaa miaka ya 80, baada ya 1991 ikashuka miaka na miaka. Kwa hiyo hii ya kusema ardhi haishuki ni hadithi.

Mama_Furu

Mwanangu huyo Lehman simjui lakini nampa pole.

Dalali_Msafi

Sasa Marekani na Usagara wapi na wapi? Kule walikopeshana makaratasi, huku mtu ananunua kwa hela yake anakabidhiwa na mwenyekiti, hakuna benki inaanguka.

Kamongo_Tope

Soma vizuri mkuu, ticha anakopa. Makaratasi ni ya kwake.

Mtoka_Pwani

Mimi niko Mwanza kikazi ila kwetu ni Dar, nawapa ya kwetu. Watu wanasahau kwamba mradi kutangazwa na mradi kuwepo ni vitu viwili. Bagamoyo mwaka 2013 serikali ikasaini makubaliano ya bandari kubwa na Wachina, 2015 jiwe la msingi likawekwa, mzee wangu mdogo alikuwa amestaafu, akachukua mafao akanunua heka Bagamoyo akisubiri kontena. 2019 mazungumzo yakasimamishwa. Yule mzee alikuwa haongei habari nyingine, kila jioni anasikiliza taarifa ya habari kama ya mpira. Kigamboni nako 2008 walitangaza mji mpya, watu wakakaa miaka hawaruhusiwi kujenga wala kuendeleza, wengine walikuwa wazawa hata hawakununua kwa ajili ya faida.

SGR yenu ya Mwanza Isaka ni kilomita 341, jiwe la msingi liliwekwa 2021. Ticha jiulize, benki itakukata kuanzia mwezi ujao, treni itaanza lini? Makato hayasubiri stesheni. Mradi ukichelewa miaka mitatu serikali haiumii, unaumia wewe mwenye tarehe.

Na jambo la pili, hiyo habari ya daraja na SGR dalali ameijua peke yake? Muuzaji wa kiwanja naye ana redio. Hiyo 7.5 ina daraja ndani yake tayari, ina na stesheni. Unanunua kitu ambacho kimeshapandishwa halafu unasubiri kipande tena kwa sababu ile ile.

Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Nimepima ardhi kanda hii miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hiyo ticha nijibu haya moja baada ya jingine.

Hivyo viwanja vimepimwa au vimekatwa kwa kamba? Maana mita 20 kwa 20 "vimeshikana" ukiwa ndani ya lami dakika kumi kwa boda nanusa shamba la mtu limegawanywa na minyaa. Ukienda kwenye kona utakuta jiwe la zege lenye namba au utakuta mti wa mnyaa na chupa ya soda imefukiwa? Kama ni chupa, ulichonunua ni mkataba wa kijiji, na mnunuzi wako wa baadaye mwenye hela ya 15 atataka hati. Atakayekubali mkataba wa kijiji atakupa bei ya mkataba wa kijiji.

Nenda ofisi ya ardhi Misungwi, uliza mipangomiji hapo wamepanga nini. Nimeona mtu Kisesa amenunua vinne, kwenye mchoro viwili vilikuwa shule ya msingi na kimoja barabara. Yule aliyemuuzia alijua. Pima pia kutoka katikati ya barabara kuu, sheria ya barabara ya 2007 inachukua mita 30 kila upande, na reli nayo ina hifadhi yake. Watu wanapenda kununua karibu na mradi bila kujua karibu sana ni ndani ya mradi.

Na hata ukiwa na hati, Tanzania hii humiliki udongo. Ardhi ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe una haki ya kutumia kwa miaka 33, 66 au 99 kwa masharti. Sharti moja ni kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kukaa na kiwanja kitupu miaka mitano ukisubiri bei, kisheria ni kuvunja masharti. Wengi wanakwepa, sikatai, ila usijenge maisha yako juu ya kwamba hawatakukumbuka.

Halafu kiwanja kitupu hakikai kitupu. Mimi mwenyewe nilikuwa na kimoja Igombe, sikukanyaga mwaka mmoja na nusu. Nilipokwenda nikakuta shimo. Vijana wa tofali za kuchoma walichimba udongo mpaka nikisimama ndani kichwa hakionekani, mvua ikajaa, na bata wa jirani wanaogelea wana raha zao. Jirani ananiambia mzee karibu, tulidhani mwenyewe alifariki. Kulijaza hilo shimo tripu 23 za kifusi.

Kamongo_Tope

Mzee uliuza au ukawaachia bata?

Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Niliuza. Kwa hela niliyonunulia, ukiacha kifusi.

Sato_wa_Luchelele

Ongezea na wale wa kununua ufukweni. Kuna kipindi kila mtu anataka "biichi ploti" kwamba utauza kwa mzungu wa hoteli. Kwanza mgeni huyo sheria haimruhusu kumiliki ardhi hivi hivi, lazima apitie mamlaka ya uwekezaji ya serikali, kwa hiyo hao wazungu ni wachache kuliko madalali wao. Pili sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ziwani usijenge, na mtu anakuuzia kiwanja cha mita 40 kwa 40 chote kiko humo humo.

Mimi nilinunua kwa sababu ya upepo tu wallahi, nilipenda upepo. 2020 ziwa likapanda baada ya zile mvua, bikoni mbili, yale mawe ya mpaka, zikaingia majini. Nilisimama kwenye kona ya tatu naangalia magugu maji yanapita pale nilipokuwa nimepanga kuweka sebule. Maji yalikuja kurudi baadaye lakini mnunuzi hakurudi, kila anayekuja wenyeji wanamwonyesha kwa kidole "yalifika pale".

Ticha_Kishiri

Wakuu mmenivunja moyo ila asanteni. Nimempigia dalali nikamuuliza kuhusu kupimwa, akasema "viko kwenye mchakato wa urasimishaji", yaani wa kupimwa na kupewa hati. Nikamuuliza mchakato umefika wapi akaniambia ticha wewe una maswali mengi kama mthamini. Bado moyo wangu hauko sawa, naona kama naacha bahati. Mtu niliyesoma naye alinunua Nyasaka akauza mara tatu yake, hilo ni la kweli, nimeona nyumba aliyojenga.

Mtoka_Pwani

Na ni kweli, wapo. Ila aliuza baada ya miaka mingapi, na alikopa?

Ticha_Kishiri

Miaka 12. Alirithi hela, hakukopa.

Kamongo_Tope

Ticha leo nitaacha utani dakika moja. Fanya hivi. Tafuta mtu dalali wako hamjui, ampigie simu aseme "nina kiwanja changu hapo hapo Usagara, ukubwa huo huo, hatua chache tu kutoka pale, nataka kuuza haraka nina mgonjwa, utaniuzia kwa ngapi?" Usikilize atasema nini. Bei ya kiwanja usimuulize anayekuuzia, muulize huyo huyo siku unayouza wewe.

Dalali_Msafi

Huo sasa ni uhuni.

Kamongo_Tope

Uhuni gani mkuu, si anauliza bei tu.

Ticha_Kishiri

Nimerudi wakuu, jana sikulala vizuri. Nilimpa namba mtoto wa mjomba yuko Magu, akapiga nimekaa pembeni yake spika imewashwa. Akamweleza kama alivyosema Kamongo. Dalali yule yule, sauti ile ile, nanukuu kama nilivyosikia: "Kaka sahivi soko gumu sana, watu hawana hela. Hivyo vya ndani kule havina maji na umeme uko mbali, halafu havijapimwa. Tukiweka 4.5 tunaweza kupata mtu, ila usiwe na haraka, labda mpaka Desemba."

Mtoto wa mjomba akamwambia mbona nasikia wanauza 7.5. Akacheka. Akasema "hiyo ni bei ya kuanzia tu, wanasubiri watumishi".

Wanasubiri watumishi. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, nikabaki naangalia ile simu.

Hesabu_za_Mtaa

Kwa hiyo siku ile ile unayosaini, 22.5 inakuwa 13.5 kabla hujafika nyumbani. Na kumi kwa mia yake bado.

Dalali_Msafi

Nyie nanyi! Bei ya kununulia na ya kuuzia lini zilikuwa sawa? Hata dagaa pale Mwaloni anayetoka kisiwani na anayepeleka Shinyanga hawana bei moja. Na mtu akisema nina mgonjwa nataka haraka lazima bei ishuke, hiyo sio ujanja wa dalali, ni soko.

Mama_Furu

Hapo dalali amesema kweli, na ndo tunachosema sisi. Ukiwa na mgonjwa bei inashuka. Ticha ndani ya miaka mitano hutakuwa na mgonjwa? Hutakuwa na ada? Mimi kilichoniumiza mwaka jana sio kwamba kiwanja hakina bei, ni kwamba mtoto alitakiwa kupelekwa chuo Septemba na mnunuzi alisema anakuja baada ya mavuno ya mpunga. Ada haikujua mavuno.

Dalali_Msafi

Mama hapo sibishi.

Msomaji_wa_Malimbe

Ticha kama unataka hela ikae mahali bila kukimbizana nayo, kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, unaanza na milioni moja, riba inaingia kila miezi sita, na ukikwama kuna soko la kuziuza japo nalo si la siku moja. Haina stori ya kusimulia kijiweni lakini hamna bata anaogelea humo.

Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Na kama roho yako inataka kiwanja, nunua kimoja, kilichopimwa, kwa hela yako isiyo ya mkopo, mahali ambapo ungekaa hata kama bei haitapanda shilingi. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati kwanza. Msingi anza mwaka huo huo hata kama ni kozi tatu za tofali. Kisipopanda una pa kulala.

Ticha_Kishiri

Nimeenda benki asubuhi nimefuta maombi, yule dada wa mikopo ameniangalia kama nimemfukuza kazi. Waifu nimemwonyesha hii yote kwenye simu, amesoma mpaka mwisho, amecheka ile sehemu ya bata, halafu akaniuliza kwa upole sana "kwa hiyo mimi niliposema porini nilikuwa nasema nini?" Sijajibu mpaka sasa hivi.

Boda nimemfuata jamaa niliyemuuzia, moja yuko tayari kunirudishia ila anataka laki mbili juu ya bei niliyomuuzia. Anasema soko limechangamka.

Kamongo_Tope

Hahaha, mpe hiyo laki mbili haraka ticha kabla mtu wa Geita hajaiona.

Mama_Furu

Ticha hongera. Sasa na mimi niseme shida yangu maana nimeshauri bure. Kama una mtu anatafuta, changu cha Busisi kipo, kimepimwa, kina fremu nne, mbili hazina nondo. Natoa kwa 14, maongezi yapo. Mbuzi nitawahamisha.